Kutoka Kadi za Salamu Hadi Mastodon: Mtandao Usio na Bosi Mmoja

Kuna kizazi cha Mwanza kilichokuwa maarufu kabla hakijashika simu ya kupangusa. Hawakuwa na picha za kuposti wala tiki ya buluu. Walikuwa na kalamu, kadi za salamu, na majina ya kujipachika ambayo ukiyasikia redioni mara tatu huyasahau tena. Watu wa Igoma, Nyakato, Kirumba mpaka visiwani Ukerewe waliyajua majina hayo bila kuwahi kuona sura za wenye majina.

Hao ndio watuma salamu. Leo wakitajwa, vijana wanacheka, wanaona ni mambo ya wazee na betri za kuanika juani. Lakini wazee hao walikuwa na kitu kimoja ambacho staa wa Insta mwenye wafuasi laki tano hana mpaka leo. Jina lao lilikuwa lao, na watu wao walikuwa wao. Hakukuwa na mtu wa kuamka asubuhi akawafungia vyote viwili kwa pamoja.

Kadi moja, redio kibao

Kwa miaka mingi redio ya nchi nzima ilikuwa moja tu, RTD. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ndiyo iliyofungua mlango kwa redio binafsi, na Mwanza ikapata yake, Radio Free Africa, iliyokuja kusikika mbali sana na Kanda ya Ziwa.

Mchezo wa salamu ulikuwa hivi. Unanunua kadi. Unaandika jina lako, kwa kawaida lile la kijiweni, na mahali ulipo. Unaorodhesha unaowasalimu, unamalizia na ujumbe. Kadi inaenda kwa posta au inapelekwa kituoni kwa mkono. Kisha unakaa karibu na redio unasubiri mtangazaji aisome. Aliyesikia kasalimiwa na mtu wa Musoma asiyemjua, naye ananunua kadi amrudishie. Hapo urafiki umeanza.

Taratibu wakaunda vyama. Wakatembeleana. Mmoja akifiwa, wenzake wanachanga. Mmoja akioa, wanafika na zawadi, na wengine ndiyo siku wanaonana kwa mara ya kwanza. Ulikuwa mtandao wa kijamii kamili, ila haukuwa na mtu wa kuuita hivyo.

Sasa angalia jambo moja. Mtuma salamu mzoefu hakuwa na redio moja. Leo kadi yake inasomwa RTD, kesho Radio Free Africa, keshokutwa barua yake inakwenda Ujerumani kwenye Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle. Akikosana na kituo kimoja, anahamishia kadi kingine, na jina ni lile lile, marafiki ni wale wale. Kituo kilimiliki mitambo. Hakikumiliki urafiki wa watu.

Na haikuwa bure. Kadi ilinunuliwa, stempu ililipiwa. Aliyetaka kusikika alitoa hela yake mwenyewe, kidogo kidogo. Hayo mambo mawili, kuhama na jina lako na kuchangia gharama, yakae kichwani maana yatarudi mbele.

Kila mtu na kibaraza chake

Intaneti ilipoanza kuingia mtaani kwa njia ya kafe, za kulipia kwa dakika, Waswahili wa mwanzo walijenga kila mtu kwake. Mwaka 2004 Ndesanjo Macha alianzisha blogu ya Jikomboe, moja ya blogu za kwanza kabisa za Kiswahili. Mwaka 2005 ikaja ya mpigapicha Issa Michuzi, ambayo Watanzania wa nje waliifungua kila siku kuona nani kafunga ndoa na nani kafariki. Mwaka 2006 Maxence Melo na Mike Mushi wakaanzisha Jambo Forums, ambayo mwaka 2008 ikabadilishwa jina kuwa JamiiForums.

Ng'ambo ya ghuba, Sengerema, kulikuwa na jaribio la aina nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kilifunguliwa kituo cha mawasiliano cha jamii, kompyuta zikiwa za kutumiwa na watu wa wilaya nzima, na baadaye kikawa na redio yake. Wafadhili walisaidia kukianzisha, lakini umeme, mafundi na vipuri havikungoja wafadhili. Kitu cha jamii lazima jamii ikilishe, la sivyo kinageuka jengo la kuhifadhi vumbi.

Wote wakahamia nyumba moja

Facebook ilifunguliwa kwa kila mtu Septemba 2006. Mwaka 2009 mambo mawili yalitokea kwa kufuatana. Mwezi Juni Facebook ikaanza kupatikana kwa Kiswahili, na nyuma ya tafsiri hiyo walikuwepo wataalamu wa Kiswahili waliojitolea kuifanya. Mwezi Julai mkongo wa SEACOM wa chini ya bahari ukafika Dar es Salaam, na intaneti ikaanza kuwa kitu cha watu wa kawaida.

Kilichofuata kila mtu anakijua. Blogu zikapoa. Mtu wa kuuza viatu Makoroboi akafungua ukurasa, msanii chipukizi wa Nyamagana akafungua ukurasa, mama wa dagaa wa Mwaloni Kirumba akaanza kupokea oda za wateja wa mbali kwenye WhatsApp. Facebook ikainunua Instagram mwaka 2012 kwa dola bilioni 1, ikainunua WhatsApp mwaka 2014 kwa dola bilioni 19. Yaani duka, gumzo na albamu ya picha vyote vikawa chini ya mwenye nyumba mmoja.

Tuseme ukweli, raha ilikuwepo na bado ipo. Hulipi kodi, watu wote wako humo, ukiposti jambo linaonekana fasta. Tatizo la nyumba ya bure ni kwamba huna mkataba. Akaunti ikidukuliwa saa nne usiku, hakuna ofisi Mwanza ya kwenda kugonga mlango. Ikifungwa kwa kosa usilolielewa, unaandika kwenye fomu na kujibiwa na mashine. Umeikuza miaka 6, wateja wako wote wamo humo, namba zao huna. Unaanza upya na mfuasi mmoja, ambaye ni mdogo wako.

Tarehe 4 Oktoba 2021 dunia nzima ilionja. Facebook, Instagram na WhatsApp vilizima kwa pamoja kwa takriban saa 6. Halikuwa shambulio wala njama. Ni hitilafu ya ndani ya kampuni moja. Lakini biashara za watu kuanzia Mwanza hadi Brazil zilisimama kumsubiri fundi wa watu wengine.

Sheria nazo zilisukuma watu upande ule ule. Mwaka 2018 zilikuja kanuni za maudhui ya mtandaoni, na mwenye blogu akatakiwa kulipa shilingi 100,000 ya maombi, 1,000,000 ya leseni na 1,000,000 nyingine kila mwaka. Juni mwaka huo JamiiForums ilizimika kwa wiki kadhaa. Kwa kijana wa blogu ya udaku au mapishi, hesabu hiyo haikukaa. Ng'ambo ya ziwa hilo hilo, Uganda nayo ilianza tarehe 1 Julai 2018 kutoza shilingi 200 za kwao kwa siku kwa kila anayeingia Facebook, WhatsApp au Twitter. Januari 2021, kwenye uchaguzi, Uganda ikafunga Facebook kabisa na kuzima intaneti kwa siku kadhaa.

Mwaka 2022 Twitter ikauzwa kwa Elon Musk kwa dola bilioni 44, ikaja kuitwa X. Tarehe 20 Mei 2025 Watanzania wakakuta X haifunguki, na Serikali baadaye ikaeleza kuwa sababu ni maudhui ya ngono yanayoruhusiwa humo. Aliyekuwa anafanya mambo yake yote pale, siku hiyo alibaki na skrini inayozunguka.

Kumbe kulikuwa na njia nyingine

Wakati Mwanza inahamia Facebook, kuna watu walikuwa wanajenga tofauti. Mwaka 2010 wanafunzi wanne wa New York walitangaza mradi wa Diaspora, mtandao ambao kila mtu angeweza kuuendesha kwenye kompyuta yake na bado ukaongea na wenzake. Waliomba wachangiwe dola 10,000, watu wakachanga karibu 200,000. Mradi haukuishinda Facebook, na mwaka 2012 wakaukabidhi kwa jamii ya watumiaji wake. Lakini wazo halikufa.

Mwaka 2016 kijana wa Ujerumani wa miaka ya ishirini na kitu, Eugen Rochko, alitoa Mastodon. Inafanana na Twitter ya zamani, ila haina makao makuu. Ni maelfu ya seva, kila moja na mwenyewe, kanuni zake na bajeti yake, na zote zinaongea. Januari 2018 lugha wanayotumia kuongea, inayoitwa ActivityPub, ikapitishwa rasmi na W3C, shirika linalosimamia viwango vya wavuti duniani.

Ukiona ni ngumu kuelewa, kumbuka hela za simu. M-Pesa ilifika Tanzania mwaka 2008, wengine wakafuata. Mwanzoni kila mtandao ulikuwa kisiwa, na kumtumia hela mtu wa laini nyingine ilikuwa shughuli. Ndiyo maana watu walitembea na laini tatu mfukoni. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel wakaunganisha huduma zao, na mwaka 2016 Vodacom akaingia. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kufanya hivyo. Hakuna kampuni iliyokufa wala mtu aliyetupa laini yake. Walikubaliana tu lugha ya kupelekeana hela, na leo dada wa Buzuruga anamtumia mama yake Nansio bila kuuliza kwanza ana laini gani.

Mastodon ni hivyo hivyo. Wewe uko seva A, rafiki yako seva B, mnafuatana na kujibizana kawaida. Na siku ukiichoka seva A unahamia B na wafuasi wako wanakufuata wenyewe, ingawa posti za zamani zinabaki kule. Mtuma salamu kabadilisha kituo, jina na watu kaondoka nao.

Siyo Mastodon peke yake. Kwa wapenda picha kuna Pixelfed, iliyoanzishwa mwaka 2018 na Daniel Supernault wa Kanada. Kwa video kuna PeerTube, ya chama cha Framasoft cha Ufaransa. Bluesky nayo, iliyoanza mwaka 2019 kama mradi ndani ya Twitter na kufunguliwa kwa wote Februari 2024, inatumia lugha yake tofauti. Imeundwa ili mtu aweze kuhama na akaunti yake, ila watu wengi bado wanakaa kwenye seva za kampuni yenyewe.

Kuanza ni hivi

Chagua seva kwanza. Usichanganyikiwe na wingi wake. Angalia vitu vitatu: kanuni zake zimeandikwa wazi, mwendeshaji anajulikana, na ameeleza hela za kuiendesha zinatoka wapi. Ukikwama, anza na ile kubwa ya mastodon.social, utahama baadaye.

Jina lako litakuwa na sehemu mbili, kama barua pepe, yaani wewe ni nani na uko seva gani. Chukua lile lile unalotumia kwingine ili watu wakutambue. Weka picha, andika wewe ni nani na uko wapi, na posti mara moja mbili kabla hujaanza kufuata watu. Akaunti tupu inaonekana kama ya tapeli.

Kisha jiandae kwa ukimya. Hakuna mashine inayokusukumia video mpaka alfajiri. Unaona wale uliowafuata tu, kwa mpangilio wa muda. Kwa hiyo tumia alama ya reli kwenye maneno muhimu, kama jina la mji au aina ya muziki, maana huko ndiko watu wanakopatana. Na usiende peke yako. Nenda na kijiwe chako, watu watano au kumi mnaojuana. Mtandao wa watu kumi wanaoongea ni bora kuliko wa milioni wanaopita.

Usifute Insta. Wateja wapo kule na hela ipo kule. Ila anza kuandika namba za wateja wako kwenye daftari, na waambie jina lako jingine liko wapi. Siku ya mvua usitafute mwavuli ukiwa umeshalowa.

Mipaka nayo isemwe. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini na ikachukua siku kadhaa kurudi. Siku kama hizo Mastodon haina msaada wowote, kwa sababu bila intaneti hakuna seva. Pia seva inaweza kuzuiwa kama tovuti nyingine yoyote, na anayetaka kufungua seva ya umma hapa nchini asome kanuni za maudhui kabla hajanunua chochote. Tena mwendeshaji wa seva anaweza kuona ujumbe wako wa faragha akitaka, kwa hiyo siri za ndani usiziweke huko.

Nani analipia mafuta?

Hapa ndipo wengi wanapokimbia. Mitandao hii haiuzi matangazo, kwa hiyo hela ya seva inatoka kwa watu. Mastodon ilianza kwa michango ya kila mwezi ya mashabiki, na mwaka 2021 ikasajiliwa Ujerumani kama kampuni isiyo ya kugawana faida. Mwishoni mwa 2022, Twitter ilipouzwa, watumiaji wake walivuka milioni 1 kwa mwezi, na waliokuwa wanashughulikia mzigo huo walikuwa watu wachache mno. Novemba 2025 Rochko mwenyewe aliachia uongozi baada ya karibu miaka 10 na kuwapisha wengine.

Waendesha seva nao ni binadamu. Mwaka 2023 seva ya mastodon.lol, yenye maelfu ya watu, ilifungwa baada ya mwendeshaji wake kuchoshwa na matusi na ugomvi. Aliwapa watu miezi kadhaa wahame, na waliohama walifika salama na wafuasi wao. Lakini fikiria mtu huyo mmoja, anafanya kazi ya bure usiku, na malipo yake ni kutukanwa na wageni aliowapa nyumba.

Uzuri ni kwamba watu wa huku hawajifunzi leo kuchanga. Harusi ya Mwanza inachangiwa, msiba unachangiwa, kikoba kinaendeshwa kwa buku mbilimbili. Seva inataka moyo ule ule. Mapema mwaka 2025 yule wa Pixelfed aliomba mchango kupitia Kickstarter, na watu wakachanga kuvuka kiasi alichoomba. Mwenye kadi ya kidijitali kutoka mtandao wake wa simu anaweza kutoa hata dola 1 kwa mwezi, na mwenye seva anaijua thamani yake.

Asiye na dola ana kitu kingine, ana Kiswahili. Tafsiri ya Mastodon hufanywa na watu wa kujitolea kupitia tovuti ya Crowdin, ambako unaingia, unachagua sentensi, unaandika inavyosemwa kwetu. Siyo jambo geni nchini. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini kwa Kiswahili, kutokana na programu huria ambayo mtu yeyote angeweza kuichukua. Na mwaka 2009, kama ilivyosemwa, Waswahili walifanya kazi ile ile kwa ajili ya Facebook. Jasho lilikuwa lao, nyumba ikabaki ya mwingine.

Kuna na usimamizi. Msimamizi wa seva aliyeko Ulaya hajui tusi la Kiswahili likoje, hajui utapeli wa "tuma kwa namba hii" unavyoanza. Mtu wa Mwanza anaujua kwa sentensi ya kwanza. Akijitolea nusu saa kwa siku kusoma ripoti, ameokoa hela ya mtu.

Na mwenye kugundua hitilafu asiishie kununa. Aeleze alibonyeza nini, ikatokea nini, kwenye simu gani. Watengenezaji wengi wana simu nzuri na intaneti ya kasi. Hawajui programu yao inafanyaje kwenye simu ya laki na nusu na bando la MB 200, kisiwani, mnara ukiwa ng'ambo ya maji. Mpaka mtu wa kisiwani awaambie.

Watuma salamu wale wengi sasa ni wazee. Baadhi bado wanajuana, bado wanapigiana simu za pole na hongera, ingawa vipindi vingi vilivyowakutanisha havipo tena hewani. Redio zilibadilika, watangazaji waliondoka, kadi zikaacha kuuzwa. Wao wakabaki na majina yao na watu wao, kwa sababu tangu mwanzo hawakuviweka mikononi mwa kituo kimoja.